Uchambuzi wa kisa: Filamu ya Kifaransa, wasimulizi wa Kiswahili na ukumbi wenye viziwi

## Usuli

Chama cha Kiswahili cha chuo kikuu kimoja nchini Uganda kilionyesha filamu ya Kifaransa kwenye ukumbi wa mihadhara, usiku wa Ijumaa, kiingilio bure. Filamu yenyewe ni La Famille Bélier ya mwongozaji Éric Lartigau, iliyotoka Ufaransa mwaka 2014. Jina la chuo na majina ya wahusika nimeyaondoa, pamoja na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu. Mimi nilikuwa mgeni mwalikwa. Baadaye chama chenyewe kiliomba kisa kiandikwe, nami nikazungumza na kamati, wasimulizi wawili, fundi wa mitambo na baadhi ya wanafunzi viziwi waliohudhuria.

Wanachama ni mchanganyiko. Wapo Waganda waliojifunza Kiswahili darasani au sokoni, Wakenya na Watanzania wachache, na kundi kubwa la vijana kutoka Bukavu, Goma, Bunia na Bujumbura. Hawa wa mwisho wamesoma kwa Kifaransa na wamekua na Kiswahili nyumbani au mtaani. Kiingereza wamekikuta Uganda na bado kinawasumbua. Mkutano ukiendeshwa kwa Kiingereza wanakaa viti vya nyuma. Ukigeuzwa kuwa wa Kiswahili, wanasogea na kuongea kuliko wote. Kamati iliona kwamba filamu ya Kifaransa ingewapa wao kazi ya mbele kwa mara moja.

Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo mimi naiona nzito zaidi. Kiswahili kimepita njia ngumu Uganda. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati tayari watu wanakijua kama lugha ya jeshi na polisi. Wako wazee ambao hadi leo wakikisikia wanakumbuka kizuizi cha barabarani na askari anayedai kitambulisho. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo mwanafunzi anayetoka kijijini Buganda bado hajawahi kumsikia mama akimbembeleza mtoto kwa lugha hii. Mwenyekiti wa chama, dada wa mwaka wa tatu, aliliweka wazi kwenye kikao: "Tunataka watu wasikie baba na binti yake wakigombana na kupatana kwa Kiswahili. Amri wameshazisikia za kutosha." Ndiyo maana wakatafuta hadithi ya familia na ya kijana anayekua, wakaziacha filamu za vita ambazo zingejaza ukumbi bila matangazo.

Familia ya Bélier ni wakulima wanaofuga ng'ombe na kuuza jibini sokoni. Baba, mama na mtoto wa kiume ni viziwi. Paula, binti wa miaka 16, ndiye pekee anayesikia, na kazi ya kuisemea familia nzima iko mabegani mwake: anapiga simu, anaongea na wateja, anakwenda na wazazi kwa daktari kuwatafsiria. Mwalimu wa muziki anagundua sauti yake na kumhimiza aende Paris kwenye usaili wa shule ya kwaya ya Radio France. Wazazi hawawezi kukisikia kitu kinachomchukua binti yao.

## Lugha itaingiaje ukumbini?

Nakala waliyopata ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yaliyounganishwa na picha yenyewe kiasi kwamba hayawezi kuzimwa. Idhini ya kuonyesha ilipatikana kwa msaada wa mhadhiri wa Kifaransa, na masharti yake yalikuwa mepesi kuyaelewa: bure kwa watazamaji, onyesho moja, filamu isikatwe popote, na kisirekodiwe chochote. Walifanya vyema kuitafuta. Vikundi vingi vya wanafunzi huona kwamba kuwa na faili kwenye flashi kunatosha, ilhali sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inataka idhini ya mwenye kazi kabla ya kuionyesha hadharani, hata kama hakuna anayelipa.

Kamati ilikuwa na njia tatu mbele yake. Kuonyesha filamu kama ilivyo, kwa maandishi ya Kiingereza, kulimaanisha kuwarudisha Wakongo na Warundi viti vya nyuma. Kuandika tafsiri ya Kiswahili ya chini ya picha kulikuwa na mvuto, lakini filamu yenye mazungumzo mengi kama hii huwa na mistari elfu moja au zaidi, na kila mstari unakaa machoni kwa sekunde chache tu. Neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, hivyo linakuwa refu na nafasi inakwisha haraka. Muda uliobaki ulikuwa wiki tatu. Wakachagua njia ya tatu, ya msimulizi wa moja kwa moja.

Kwa Mganda njia hii haihitaji maelezo. Vibanda vya video vya Kampala na vya miji midogo vimekuzwa na MaVJ, watu kama VJ Jingo, wanaoshika maikrofoni na kuifasiri filamu kwa Kiluganda, kutia chumvi, kumtania shujaa na kumtahadharisha kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kenya wanaye DJ Afro, na Tanzania alikuwapo Lufufu. Ni sanaa ya Afrika Mashariki kabisa. Kamati iliitazama kwa heshima, jambo lililonifurahisha, maana wasomi wengi huidharau.

Walichagua wasimulizi wawili. Wa kwanza, msichana kutoka Bukavu, Kifaransa chake kizuri na sauti yake tulivu. Alipewa Paula, mama na wanawake wote. Wa pili, kijana kutoka upande wa Kasese, mpakani, alipewa wanaume. Yeye hajui Kifaransa, kwa hiyo alitegemea andiko ambalo mwenzake aliliandaa kwenye daftari la kurasa 96, dakika upande wa kushoto na maneno upande wa kulia.

Hapo ukafuata uamuzi ulioleta shida kubwa. Mjumbe mmoja alisema kwamba macho yakishaanza kusoma Kiingereza, masikio hayatasikiliza Kiswahili. Wengine wakakubali. Kwa kuwa maandishi hayakuzimika, wakaunganisha karatasi za manila nyeusi kwa selotepu na kuzibandika sehemu ya chini ya skrini, ili maandishi yaangukie kwenye weusi na yasisomeke.

## Mazoezi

Mazoezi yalifanyika kwenye chumba cha bweni, kwa kompyuta, mara kadhaa. Mawili yanafaa kusimuliwa.

La kwanza lilihusu tukio la daktari. Wazazi wa Paula wana maradhi ya sehemu za siri, na binti ndiye anayelazimika kumweleza daktari, kisha kuwageukia wazazi na kuwaambia kwamba kwa muda fulani hawataruhusiwa kukutana kimwili. Ukumbini wangekuwapo wahadhiri, mlezi wa bweni na labda wazazi wa mtu. Msichana wa Bukavu alisema hawezi kulitamka. Kukata tukio kulikatazwa na idhini. Kijana wa Kasese alijitolea kulichukua yeye na kulifanya la kuchekesha. Mwenyekiti akakataa, kwa hoja ambayo naiunga mkono hadi leo: uzito wa tukio lile ni kwamba *binti* ndiye anayesema. Sauti ya kiume ikiingia pale, hadithi inavunjika.

Walikwenda kumuuliza mama mmoja anayeuza chakula karibu na geti, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kampala. Akawacheka, akawaambia lugha haijawahi kukosa nguo ya kuvaa. Andiko likawa hivi: "Daktari anasema mpumzike. Kila mtu na kitanda chake, mpaka dawa iishe." Baba anapobisha, Paula anajibu: "Ndiyo, baba. Na mchana pia."

La pili lilihusu jinsi ya kuwaita wazazi. Kijana wa Kasese, kwa mazoea ya mtaani, aliwaita mabubu na kuwawekea sauti ya kukwaruza. Mwenzake aligoma kuendelea. Wakapatana kusema viziwi, na kwamba baba azungumze kwa sauti ya kawaida ya baba yeyote. Ilibidi kijana ajifunze upya tabia nzima ya mhusika wake, na kwa maoni yangu ndipo usimulizi wake ulipokuwa mzuri. Alipofika kwenye kampeni za baba za kuwania umeya wa mji wao, aliingiza misemo ya wagombea wa Uganda kuhusu barabara na maji, ukumbi ukalipuka. Kicheko kile kilimwendea mwanasiasa. Ukiziwi wake haukuguswa.

Jambo moja halikufanyika. Fundi wa mitambo alikuwa na mitihani na hakuhudhuria mazoezi hata mara moja. Alipewa orodha ya vifaa: projekta, spika mbili, mikisa, ekstensheni. Hakuna aliyempa hadithi.

## Ujumbe wa siku tatu kabla

Bango lililobandikwa chuoni liliandika kwamba filamu inahusu binti wa wazazi viziwi. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mwaliko, ingawa kamati haikuona hivyo. Siku tatu kabla ya onyesho, mwenyekiti alipata ujumbe wa simu kutoka kwa mwanafunzi kiziwi: watakuja kundi, watakuja na mkalimani wao wa lugha ya alama, je, mkalimani atasimama wapi?

Mwenyekiti alijibu upesi na kwa moyo mweupe: "Karibuni sana, nafasi ipo." Swali la mkalimani atasimama wapi halikujibiwa. Kamati ilipokutana jioni ile ilizungumzia soda na viti.

Lazima nieleze hali ilivyo Uganda, kwa sababu msomaji anaweza kudhani viziwi ni wageni kwenye mambo ya umma. Katiba ya mwaka 1995 inaitaja lugha ya alama na kutaka iendelezwe. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni mwaka 1996. Wako wanafunzi viziwi vyuoni, wenye wakalimani na vyama vyao. Hawa waliotuma ujumbe walijua wanachohitaji na walikiuliza kwa sentensi moja.

## Usiku wa onyesho

Mlango ulifunguliwa saa moja, filamu ikaanza saa mbili na nusu. Geti la bweni la wasichana linafungwa saa nne na nusu. Ukumbi ulikaribia kujaa.

Hotuba ya ufunguzi ilikuwa ya Kiswahili. Mkalimani wa lugha ya alama, mama wa makamo, anafanya kazi kutoka Kiingereza na Kiluganda. Kiswahili chake ni cha salamu. Mwanafunzi mmoja akaketi pembeni yake na kumnong'oneza kwa Kiingereza. Maneno yalitoka kinywani kwa mwenyekiti yakapita kwa mnong'onezaji, yakafika mikononi mwa mkalimani, ndipo yakawafikia viziwi yakiwa yamechelewa na yamepungua. Kisha taa zikazimwa, na mkalimani akapotea gizani.

Ikaletwa taa ya mezani. Ikielekezwa kwa mkalimani, mwanga unamwagika kwenye skrini na kufifisha picha. Watu wa mbele wakalalamika. Ikashushwa chini, ikamwangaza mkalimani miguu. Wakati huo huo wasimulizi walikuwa wakiendelea, Wakongo wakicheka mahali pake, na upande wa kulia safu nzima ya watu ikiwa haina mkalimani, haina sauti, na haina maandishi.

Baada ya kama robo saa, kijana mmoja kiziwi alitoka kwenye safu yake, akatembea hadi mbele ya skrini, akainama. Kwenye manila nyeusi herufi zilionekana kwa mbali, kijivu juu ya weusi, kama hujui zipo huzioni. Akazifuata kwa kidole, neno baada ya neno, kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu akageuka na kutazama ukumbi.

Mwenyekiti alielewa papo hapo. Alikwenda mwenyewe akazibandua manila, selotepu ikilia juu ya sauti ya msimulizi, ambaye hakunyamaza. Maandishi yakaonekana. Hakusimamisha filamu na hakutoa hotuba.

Kuanzia hapo ukumbi ukawa na vicheko viwili. Kwenye tukio la daktari viziwi walicheka kwanza, kwa kuwa Kiingereza cha chini kilisema mambo kwa uwazi kuliko Kiswahili na kiliwahi kwa sekunde kadhaa. Kisha ikafika "kila mtu na kitanda chake", ukumbi uliobaki ukacheka, na mlezi wa bweni akajifunika uso kwa khanga yake huku mabega yakitikisika. Msichana wa Bukavu aliniambia kwamba wakati akisema maneno yale alihisi yeye ndiye Paula: mtoto aliyetangulizwa mbele ya wakubwa kutamka mambo ya wakubwa.

Kisha tamasha la shule. Paula anaimba na mwenzake jukwaani, wazazi wamekaa kati ya wazazi wengine. Katikati ya wimbo mwongozaji anaizima sauti yote. Tunabaki na vinywa vinavyofunguka bila sauti, na baba na mama wakitazama nyuso za majirani zao ili wajue kama binti yao anaimba vizuri. Wasimulizi walijua tukio hili linakuja na walikuwa wamekubaliana kunyamaza kabisa.

Ukumbi haukujua. Kwenye kibanda ukimya una maana moja, mtambo umeharibika. "Sauti! Sauti!" Wengine wakapiga viganja. Fundi akaruka kwenye mikisa, akachomoa waya, akauchomeka pengine, akapandisha kila kitufe. Sauti ya filamu iliporudi, ilirudi kwa mngurumo uliowafanya watu wazibe masikio, halafu ikakatika kweli.

Viziwi waliona wenzao wote wakisimama na kupunga mikono, na hawakujua kwa nini. Mbele yao filamu ilikuwa inaendelea kama kawaida.

Mwenyekiti alikuwa na maamuzi mawili. Mhadhiri mmoja alimshauri, kwa upole, "Endeleeni tu, binti yangu, muda umekwenda." Alimshukuru, kisha akamwomba fundi arudishe hadi mwanzo wa wimbo. Akachukua maikrofoni: "Sauti itazimika. Ndivyo filamu ilivyotengenezwa. Hivi ndivyo baba na mama wa Paula wanavyolisikia tamasha hili. Tafadhali tukae nao." Mara ya pili hakuna aliyetikisika. Nilisikia feni ya projekta.

Usaili wa Paris, mwishoni, ulipita bila doa. Paula anaanza kuimba, kisha anawatazama wazazi wake waliokaa juu na kuanza kuyaeleza maneno ya wimbo kwa mikono. Msimulizi alikuwa ameshasema kabla, kwa sentensi mbili, kwamba wimbo ni wa mtoto anayewaaga wazazi akiwaambia kuwa hawatoroki. Baada ya hapo akaweka maikrofoni chini. Wenye Kifaransa walisikia, wenye Kiingereza walisoma, na viziwi walitazama mikono. Hawakuijua lugha ya alama ya Ufaransa, ila waliniambia kwamba ishara chache ziliwajia kama ndugu wa mbali. Hilo lina historia yake. Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi Hartford, Marekani, mwaka 1817, na lugha ya alama ya Marekani iliyokulia huko ni mojawapo ya zile ambazo lugha ya alama ya Uganda imechota kwazo.

Mjadala ulibaki na dakika kumi.

## Matokeo

Watu wengi walitoka wamefurahi. Wanafunzi wa Kongo waliwazunguka wasimulizi nje, na wiki iliyofuata mikutano ya chama ilikuwa na sura mpya mbele. Mhadhiri mmoja wa elimu, Muganda wa umri wa kustaafu, alimwambia mwenyekiti kwamba alikuwa hajawahi kukisikia Kiswahili kikimwita mtu "mwanangu". Lengo la pili la chama lilifikiwa, na kwa mlango ambao semina haiwezi kuufungua.

Viziwi waliondoka na mambo mawili kwa pamoja. Filamu waliipenda, hasa lile tukio ambalo baba anaweka mikono shingoni mwa binti ili ahisi wimbo. Lakini robo saa ya mwanzo hawakuipata kamwe, na katika mjadala mmoja wao tu ndiye aliyepewa nafasi. Alisema kwa mikono, mkalimani akatoa sauti: "Mlipokaa kimya kidogo tu, mkaanza kupiga kelele mkidhani dunia imeharibika." Kisha akaongeza kwamba waigizaji wa baba na mama ni watu wanaosikia, na mikono yao ilionekana hivyo kwake, lakini ya ndugu yake Paula ilitembea bila kujikaza. Alikuwa amesema kweli. Karin Viard na François Damiens wanasikia, na uteuzi wao ulilalamikiwa na viziwi Ufaransa kwenyewe. Luca Gelberg, aliyemwigiza kaka, ni kiziwi. Hadithi hii ilipotengenezwa upya Marekani mwaka 2021 nafasi hizo walipewa viziwi, na Troy Kotsur aliyemwigiza baba akapata tuzo ya Oscar mwaka 2022. Hoja ile ingeweza kubeba mjadala wa saa nzima. Geti likakaribia kufungwa, watu wakainuka.

Malipo ya mkalimani yalitolewa na viziwi wenyewe, kutoka mfuko wa chama chao. Soda zilitolewa na chama cha Kiswahili.

## Uchambuzi

Nianze na manila, maana ndiyo inayofundisha zaidi. Hofu ya kamati kwamba maandishi yangeua usimulizi haikujaribiwa hata siku moja, ilhali kulijaribu kulihitaji dakika tano za mazoezi. Baada ya karatasi kubanduliwa, usimulizi haukufa. Asiyejua Kiingereza aliendelea kusikiliza. Anayekijua alisoma na kusikiliza, na wengi waliniambia walifurahia kuona namna msimulizi anavyokizunguka kile kilichoandikwa. Njia moja haikuinyima nyingine chakula. Kamati ilidhani inalinda Kiswahili, kumbe inawafungia watu mlango.

Chanzo chake ni mpangilio wa maamuzi. Walichagua filamu, wakachagua lugha, wakatafuta mitambo, mwisho wakatoa bango na kungoja watu. Swali la nani atakuja, na atapokea kwa sikio au kwa jicho, lilikuja lenyewe kwa ujumbe wa simu, likajibiwa kwa ukarimu. Ukarimu wa mwenyekiti siutilii shaka. Niliuona usiku ule. Lakini "karibuni" haina taa ya mkalimani ndani yake. Jibu la swali lile lilikuwa kazi ya nusu saa: kiti kimoja mbele upande wa kulia, taa yenye kikinga mwanga, andiko la hotuba kwa Kiingereza apewe mkalimani mapema, na safu ya viziwi ikae mahali wanapomwona yeye na skrini bila kugeuza shingo.

Kuhusu kelele za "sauti", simlaumu fundi wala watazamaji. Fundi alifanya anachofanya fundi yeyote mzuri anaposikia ukimya. Watazamaji walitumia adabu ya kibanda, nayo ni adabu: mtazamaji wa kibanda humsaidia mwenye mtambo. Ukileta sanaa ya VJ ukumbini, unaileta na hadhira yake. Kosa lilikuwa kumpa fundi orodha ya vifaa bila hadithi. Wasimulizi walikuwa na daftari lenye alama ya ukimya dakika ile. Nakala moja mezani kwake ingetosha.

Hapa wapo waliobishana nami. Mhadhiri aliyeshauri waendelee anaamini kwamba kurudia tukio ndiko kulikokula mjadala, na kwamba mjadala ndio uliokuwa haki ya viziwi. Ana hoja. Hata hivyo muda ulishaliwa zaidi na kuchelewa kuanza, na tukio lile ndilo moyo wa filamu. Kuliacha likiwa limevunjwa na kelele za wanaosikia, mbele ya viziwi, kungekuwa jambo baya zaidi. Mwenyekiti aliamua sawasawa, na sentensi zake nne za maelezo zilifanya kazi zaidi ya hotuba ya ufunguzi.

Kilichofaa bila ubishi ni uamuzi wa kumwachia msichana tukio la daktari na kumtafutia lugha ya kulisema. Wengi hudhani filamu ya nje ikigusa mambo ya chumbani, kwetu njia ni mbili tu, kuikata au kuaibika. Wao walikwenda kwa mtu mzima mwenye lugha, wakarudi na maneno ambayo mlezi wa bweni aliweza kuyacheka. Kiswahili kina hazina kubwa ya tafsida, na msimulizi wa filamu anayeijua hana haja ya mkasi. Walilipa gharama moja, ya maandishi ya chini kusema kwa uwazi kile ambacho sauti ilikifunika. Sioni kama ni hasara. Kila mtu alipata tukio kwa adabu ya lugha aliyoichagua.

Suala la malipo ya mkalimani sikulikubali siku ile na silikubali sasa. Waliotangaza filamu kuhusu viziwi, wakajaza ukumbi kwa jina la hadithi yao, ndio waliopaswa kugharimia viziwi waielewe. Kamati ilipolisikia jambo hili ilinyamaza, kisha mweka hazina akauliza kiasi gani. Fedha zimerudishwa.

Kwa onyesho lijalo chama kimeweka kikao cha kwanza kiwe cha watu wanne: msimulizi, mkalimani wa lugha ya alama, mwakilishi wa wanafunzi viziwi na fundi. Filamu itachaguliwa hapo. Filamu itaanza saa kumi na mbili jioni ili mjadala usigongane na geti. Bado hawajakubaliana jambo moja: msichana wa Bukavu anataka mkalimani asimame karibu naye, waandae andiko pamoja, hata utani wa msimulizi ufike mikononi, lakini mkalimani anaona wenye kusoma maandishi hawahitaji mikono kwa wakati ule, na kwamba nguvu zake zitunzwe kwa mjadala. Viziwi wenyewe wamegawanyika. Wamepanga kujaribu njia zote mbili kwa dakika ishirini ishirini, wakiwa na fundi mezani, kabla ya kuandika bango lolote.